Maneno Kumi ya Kijapani Shambani kwa Mama Mkwe

Sijawahi kufika Japani na sitegemei kufika, ila kwa miezi miwili nilikuwa bingwa wa Wajapani kuliko mtu yeyote kijijini Maguu. Nilikuwa na maneno kumi. Niliyapata kwenye semina, ukumbi wa parokia, kwa mwezeshaji mwenye suruali ya kubana na viatu vilivyochongoka, aliyeyaandika kwenye bangokitita kwa maka peni nyekundu, moja baada ya jingine, akasema ukiyashika hayo kumi umewashika Wajapani wote: roho yao, nidhamu yao, viwanda vyao na treni zao zisizochelewa. Watu wazima tukainama kuandika. Mimi nilipiga na mstari chini.

Leo nikikumbuka nataka kucheka, halafu sicheki, kwa sababu maneno yale hayakuishia kwenye daftari. Yalikwenda mpaka shamba la mama mkwe wangu, lile la mteremkoni juu ya kijito, yakala mbegu zake. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza, na anayetaka habari za kusifu semina akatafute kwingine.

Mwezeshaji mwenyewe alikaa Japani siku kumi na moja. Alizitaja kwa majivuno, kama mtu anayetaja miaka ya chuo. Siku kumi na moja! Mimi nimeolewa na Wamatengo wa milima hii miaka ishirini na nne, na bado wakitaka kunisengenya wanageuza lugha mbele yangu na sipati hata nusu. Yeye siku kumi na moja zilimtosha kuwamaliza watu wa nchi nzima. Kila sentensi ilianza na Wajapani. Wajapani hawachelewi. Wajapani hawagombani. Mjapani akikosea anainama, akikosea sana anainama zaidi. Kulikuwa na seiri, seitoni, seiso, seiketsu na shitsuke, hayo matano ya usafi na mpangilio. Kulikuwa na kaizeni, kuboresha kidogo kidogo kila siku. Gamani, kuvumilia bila kulalamika. Omotenashi, kumpokea mgeni kwa moyo wote. Ikigai, sababu ya mtu kuamka asubuhi, ambapo mzee mmoja wa mstari wa nyuma aliuliza kama kukojoa kunahesabika. Na motainai, ambalo mwezeshaji alilipitia mbio kwa sababu chai ilikuwa imefika. Aliandika "kubana matumizi", akafunika maka peni yake, tukaenda kwenye chapati.

Wakati ule sikuona kasoro yoyote. Maneno yenyewe ni rahisi mdomoni, yanaishia na irabu kama yetu, nami niliyatamka kama niliyezaliwa Tokyo. Sasa najiuliza: angekuja Mjapani na maka peni yake, akakaa Mbinga siku kumi na moja, akaandika maneno yetu kumi na kurudi nayo kwao, angewaambia nini? Angeandika karibu, asijue kuwa tunaisema huku sufuria tumeshaifunika. Angeandika ushirikiano, asijue kikundi chetu kina watu sitini kwenye karatasi na tisa kwenye kazi. Angeandika pole, akawaambia wenzake kuwa watu hawa wana neno la kuponya kila jeraha. Wangetuona malaika kule kwao. Wangetufanyia semina.

Nilikuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa kahawa, na kimbelembele changu hakikuanza jana. Wiki ile ile nilipanga stoo ya kikundi. Nilichora ukutani umbo la ufagio, ili ufagio ukiondoka sehemu yake ijulikane. Ufagio uliibwa, umbo likabaki. Nyumbani nikabandika karatasi kwenye makopo: CHUMVI, SUKARI, MAJANI, MAGADI. Mama mkwe hajui kusoma. Alikuwa akichukua chumvi kwenye kopo lisilo na mfuniko kwa miaka yote, sasa akawa anafungua kopo moja moja na kunusa. Hakusema kitu. Mimi nikaona kuwa ndiyo gamani hiyo, nikampenda kwa kuwa Mjapani bila kujua. Ujinga una raha zake.

Niseme kidogo kuhusu huyu mama, msije mkamwona ni mtu wa kudharauliwa tu na wakwe. Mume wangu alipofariki, ndugu zake walianza kuitazama nyumba kwa jicho la kupima. Mama mkwe aliwaita, akawaambia mimi ni mwanawe na neno hilo halirudiwi. Halikurudiwa. Mimi si wa huku milimani, nilizaliwa Mbaha, ufukweni mwa ziwa, kwa watu wa dagaa wa usipa na ugali wa muhogo. Kwetu ardhi ni mchanga wa kuanikia samaki. Nilipoletwa Maguu kama bibi harusi na kuona milima imetobolewa mashimo kuanzia juu hadi chini, kama trei ya mayai, nilimwuliza mume wangu kwa nini watu wenu hawalimi kama watu. Alicheka. Nilikuwa nimeuliza kwa dhati.

Mashimo yale ndiyo ngolo. Kazi yake iko hivi: mwanzoni mwa mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado zipo, wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, shamba zima linakuwa miraba. Halafu wanawake wanaingia na jembe. Mwanamke anachimba katikati ya mraba na kuutupa udongo juu ya nyasi, pande zote nne, mpaka nyasi zizikwe. Kwenye tuta anapanda maharage, kwenye shimo maji ya mvua yanakaa, nyasi zinaoza chini kwa chini. Hakuna anayelipwa kulieleza hilo. Mama mkwe alikuwa na zaidi ya miaka sabini na mwaka ule alisema ndiyo mara ya mwisho kwake kuchimba shamba lile, akimaliza jembe atanikabidhi mimi. Alikuwa na mbegu zake kwenye debe, zimechanganywa na majivu: za njano, zenye madoa, na nyeusi ndogo ndogo ambazo hakuna mwingine aliyekuwa nazo kwa wingi ule. Mama yake alimpa siku anaolewa. Kila mwaka alipanda, akavuna, akarudisha debe, na kila mwaka aliacha vibaba viwili bila kupanda. Nilikuwa nikiona ni uchoyo.

Basi ikaja barua kwamba mgeni kutoka Japani atatembelea kikundi chetu na angependa kuona mashamba. Mwezeshaji alifika siku iliyofuata, amekuwa mtu wa haraka ghafla. Alitaka shamba moja la mfano, karibu na barabara, gari lifike. Lililokuwa karibu na barabara ni la mama mkwe. Nyasi zilikuwa zimeshalazwa, miraba imekamilika, zimekauka vizuri, na yeye alikuwa aanze kuchimba kesho yake. Mwezeshaji alisimama juu ya mteremko na viatu vyake vile, akauliza hizi takataka ni za nini. Na mimi, niliyekula maharage ya mashimo yale miaka ishirini na nne, niliyelishwa na shamba lile nikiwa mjane, nilimjibu kuwa hayo ni mambo ya kizamani.

Sijui niliwaza nini. Ninajua vizuri: niliwaza picha. Nilijiona nimesimama kando ya Mjapani mbele ya shamba lililonyooka.

Tukamwita mama mkwe ashirikishwe. Mwezeshaji alimpa shikamoo ya juu juu, akamweleza seiri, kutoa visivyohitajika. Nyasi zitolewe, mashimo ya zamani yafukiwe, ardhi isawazishwe, kamba ivutwe, maharage yapandwe kwa mistari. Watu wa kikundi walikuwa wamezunguka. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaliangalia shamba, akauliza swali moja tu.

"Na maji yatakaa wapi?"

Watu wakacheka. Nilicheka mimi wa kwanza, wengine wakanifuata. Mwezeshaji hakucheka, yeye ni msomi, alifungua bangokitita lake hapo hapo kwenye boneti ya gari, akaandika chini ya kichwa kisemacho Vikwazo vya Mabadiliko: "Wazee kuogopa mvua." Mtu mzima ovyo. Mama akasema kama ni wageni wanakuja, yeye hawezi kuwa wa kukataa wageni, akaenda zake jikoni.

Kazi ilichukua siku tatu na, cha kusikitisha, siku hizo tatu wale tisa wa kikundi walikuwa thelathini. Nyasi zilikusanywa zikachomwa moto. Mashimo yalifukiwa. Ardhi ikawa laini, nyekundu, jicho linateleza. Tukaokota mawe, tukayapaka chokaa, tukayapanga pembeni kuzunguka shamba lote, kama ofisi ya kata inayosubiri waziri. Mahali pengine mgeni anapikiwa, sisi tunampakia mawe chokaa. Halafu ikaja kupanda. Mbegu za mama hazikutosha mistari yote kwa sababu alikuwa ameacha vile vibaba viwili ndani ya debe. Kamba zilikuwa zimevutwa mpaka kwenye mawe meupe na mistari minne ya chini ilikuwa mitupu. Niliona vibaya. Nilikwenda ndani mwenyewe, nikainamisha debe, nikalikung'uta mpaka yakabaki majivu tu. Mama alikuwa kwenye mlango wa jiko. Aliniona. Alinipisha nipite.

Siku ya sita baada ya kupanda, maharage yalikuwa ndiyo kwanza yanachungulia. Mvua ilianza saa nane mchana, na wala haikuwa mvua ya kutisha, ni mvua ya mwezi wa tatu, ile ile ya kila mwaka. Dakika kumi za kwanza ardhi ilikunywa. Baada ya hapo maji yalianza kutelemka yakitafuta pa kukaa, na hapakuwa na pa kukaa. Nilitoka mbio na koleo, sijui nilitaka kufanya nini na koleo. Udongo ulikuwa unakwenda kwa mapande, na mistari ya kamba, na vijimea, vyote vinaingia kijitoni, na kijito kimekuwa chekundu. Mawe ya chokaa yalibaki. Mawe hayana pa kwenda.

Mama mkwe hakutoka. Alikaa kwenye kigoda mlangoni akitazama mpaka ilipokatika, kisha akaingia kuwasha moto.

Mgeni alikuja siku mbili baadaye. Nilitegemea mtu wa tai, nikaona mzee mfupi mwenye kofia ya jua na buti zilizochakaa, mtaalamu wa udongo aliyestaafu. Ujanani aliwahi kukaa vijiji vya huku miaka kadhaa, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni Mbinga kabisa. Alimwona mama mkwe, akasema shikamoo, akainama. Mama kwa heshima ya mgeni akapiga goti. Yule kuona goti akainama zaidi. Mwezeshaji alitunong'oneza kwamba mnaona, hiyo sasa ndiyo omotenashi. Nilitamani ameze ile maka peni.

Kilichofuata kilikuwa kifupi. Mzee alitembea mpaka kwenye mawe meupe, akatazama korongo jekundu lililokuwa shamba. Mwezeshaji aliruka na kueleza kuwa hii ni changamoto ya mabadiliko ya tabianchi.  Mzee alichuchumaa pale tulipochomea nyasi, akashika majivu, akayaangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Mottainai."

Nililijua. Lilikuwa la kumi kwenye daftari langu. Nikaona pa kujiokoa, nikasema kwa sauti kuwa ni kubana matumizi. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, akasema kwao mama yake alilisema kila mtoto alipoacha punje ya wali kwenye bakuli: ni uchungu wa kukiona kitu chenye kazi yake kinatupwa kabla hakijaifanya. Niliuliza na seiri je. Nilikuwa bado natafuta wa kumtupia lawama.

"Seiri ni kutenga unachokihitaji na usichokihitaji," alisema. "Nani alizitenga nyasi kuwa hazihitajiki?"

Watu wote thelathini wakapata ghafla kitu cha kutazama chini. Mwezeshaji alikuwa anasoma simu. Mimi nikaanza kuikaza kanga kiunoni, na sijivunii kusema kwamba ilikuwa makusudi. Mama mkwe ndiye aliyejibu, akiwa nyuma yetu.

"Tulizitoa wenyewe, baba. Wenye shamba."

Mzee aliinama tena, akakaa muda mrefu akiwa ameinama hivyo. Baadaye wakati wa chai nilimsogelea nikitaka anisifie angalau Wajapani wake, kwamba kwao jambo kama hili haliwezi kutokea. Alisema kijijini kwao mashamba ya milimani aliyoyalima babu yake yamegeuka msitu, vijana wameondoka, kuta za mawe zimebomoka, na wote waliondoka huku wanalijua hilo neno mottainai. Akasema gamani ndilo analolichukia kuliko yote, mama yake alikufa nalo. Kisha akapiga picha mbili tatu za mashimo kwenye kilima cha ng'ambo, akaingia kwenye gari. Alisikitika, sikatai. Alisikitikia elimu inayopotea. Jioni ile akala mjini Mbinga na sisi tukabaki na debe la majivu.

Cheti cha semina kilikuja mwezi uliofuata. Jina langu lilikuwa limekosewa na nilikipokea hivyo hivyo. Mwezeshaji nasikia yuko mikoa mingine, anafundisha maneno ya Kikorea.

Nilimwambia mama nitakwenda Mbinga kununua maharage ya kula, na mengine ya mbegu. Alisema ya kula sawa.  Nilimletea gunia zuri, yote ya rangi moja, alichota kiganja, akayarudisha. Hakunigombeza siku hiyo wala siku nyingine. Watu walipita kumpa pole na mimi nilikuwa nikiwawekea viti, naitikia pamoja naye, kana kwamba msiba ulitoka mbinguni ukatukuta wote. Hiyo sehemu ndiyo inayoniumiza nikiikumbuka kuliko mvua.

Mwezi wa saba, wakati wa kung'oa maharage, mama mkwe alianza kutoka asubuhi bila kuaga. Nilidhani anakwenda misa. Mke wa jirani ndiye aliyeniambia, kwa namna ile ya mtu anayedhani unajua: mama yenu anang'oa maharage kwetu, jana alikuwa kwa wale wa juu, juzi kwa wale wa karibu na shule. Anafanya kibarua. Malipo anataka maharage, na si maharage yoyote. Anakaa chini baada ya kazi na kuchagua punje moja moja kwenye lundo la watu, zile za njano, zile zenye madoa, zile nyeusi ndogo. Miaka ya nyuma aliwahi kuwagawia mbegu. Hakwenda kuziomba. Alikwenda kuzifanyia kazi, yeye ambaye wake zao humpa shikamoo wakiwa wamepiga magoti.

Niliondoka na kanga begani bila hata kufunga mlango. Nilimkuta kwenye njia inayoshuka kutoka kwa wale wa juu, amejitwika beseni dogo, mkono mmoja kiunoni, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Ndani ya beseni mbegu hazikufika hata nusu kibaba. Nilimwambia shikamoo mama. Akaitikia marahaba. Nikanyoosha mikono nikasema nipe nikubebee, na kesho nitakwenda mimi, wewe upumzike, nitachagua, nazijua. Nilikuwa nalia na nilitaka aone.

Alishika beseni kwa mkono wa pili.

"Wewe nenda semina, mwanangu," alisema. "Hizi nitazifikisha."

Hakusema kwa hasira. Alisubiri, kwa sababu njia ni nyembamba na nilikuwa nimesimama katikati. Nikaingia kwenye nyasi, akapita.